Kinywa cha Lambert

Mume wangu Lambert ametazama vinywa vya nusu ya mji wa Kisangani. Sitanii, muulizeni mtu yeyote aliyesoma miaka ile. Si daktari wa meno. Alikuwa fundi na mtunzaji wa vyombo vya fanfare, ile bendi ya matarumbeta, ya parokia moja kule komini ya Tshopo, na mwanafunzi hakupewa chombo cha kupuliza kabla hajasimama mbele ya Lambert na kufungua mdomo. Lambert alimnyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akatazama meno, akamwambia aume kijiti, akamwambia apige mluzi, kisha akaamua. Midomo myembamba, tarumbeta. Minene, baritoni. Meno ya mbele yaliyonyooka, klarineti. Mwenye kukohoa alipewa ngoma. "Na asikasirike," Lambert alisema, "ngoma njo inatembeza watu."

Mimi naitwa Emérence, nauza mikate soko la Mangobo, ile midogo ya mviringo ya kukaanga. Wanasema nina mdomo. Ninao. Wanasema nina wivu, ile tunayoiita zuwa hapa kwetu. Ninayo pia, na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa ajili yake. Ndiyo maana habari za Lambert nataka kuzisema mwenyewe, kabla Françoise jirani yangu hajazisema kwa namna yake.

Lambert alizaliwa Yangambi, baba yake alifanya kazi kwenye mashamba ya utafiti. Huko ndiko alikojifunza tarumbeta kwa mzee mmoja wa fanfare ya wafanyakazi, na mzee yule alipokaribia kufa alimwachia kinywa chake. Hapa nieleze vizuri, maana neno hili ndilo lililoniletea taabu zote. Kwa watu wa fanfare, kinywa ni kile kichuma kidogo kama faneli unachokichomeka mwanzoni mwa tarumbeta, ndicho unachokigusa na midomo. Bila hicho, tarumbeta ni bomba tu. Na Lambert alikuwa na sheria moja isiyovunjika: tarumbeta moja wanaweza kuitumia wanafunzi watatu, lakini kila mmoja na kinywa chake, ili wasiambukizane kifua wala vidonda. Kila mtoto alikitia uzi akakivaa shingoni. Ukiona mtoto njiani na kinywa shingoni, ujue huyo ni wa Lambert.

Cha Lambert mwenyewe kilikuwa cha fedha. Vingine vyote vilikuwa vya shaba, vingine vimeliwa na kutu ya kijani, lakini kile kilimetameta. Siku aliyokuja kunichumbia alikitoa mfukoni mbele ya wajomba zangu akasema, "Sina mengi, lakini hiki hakitatoka nje ya nyumba yangu." Wajomba walicheka. Mimi sikucheka, niliweka akilini.

Basi tukaoana, na nikagundua kwamba nimeolewa na vyombo. Maji ya moto ya kwanza ya nyumba yangu, kabla ya chai, kabla ya kumwosha mtoto, yalikuwa ya vinywa. Vya parokia alivileta nyumbani ndani ya mfuko, akavilaza kwenye beseni langu la unga, maji ya vuguvugu na sabuni, akavisugua kimoja kimoja kwa mburashi wa meno. Nilimwambia, "Lambert, mimi je, utanisugua lini?" Akasema, "Ngoja, hii iko na uchafu wa wiki nzima." Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Usiku analala amenipa mgongo, mchana anambembeleza baritoni.

Halafu vita vilipokuja mambo yakazidi. Mafuta ya pistoni, vile vitufe vya tarumbeta, hayakufika tena, maana ndege hazikuleta kitu. Lambert alichanganya mafuta ya cherehani na tone la mafuta ya taa, akajaribu kwanza kwenye chombo kibovu, siyo kwenye kizuri. Kizibo cha klarineti kikichakaa, alikata soli ya kandambili, na kandambili ilikuwa yangu. Tarumbeta ikibonyea, hakuipiga nyundo kama wale mafundi wa sufuria. Alichonga kijiti cha mti mgumu kutoka msitu wa Masako, akakiingiza ndani, akasukuma polepole jioni nzima. Mwanafunzi akikwama na kinywa kilichonasa kwenye bomba, Lambert alipiga kelele kutoka mbali: "Usikivute na meno! Acha! Lete!" Sauti ile ya hofu sijawahi kuisikia akinitolea mimi, hata siku niliyoungua na mafuta ya mikate.

Mwaka ule shule zilifungwa, zikafunguliwa, zikafungwa. Walimu hawakulipwa, watoto wengine walikimbilia mashambani. Padri akasema, bon, tupokee yeyote anayetaka kupiga, hata mtu mzima. Na hapo ndipo alipoingia Odile.

Odile alikuwa mjane wa kutoka Beni, anauza vitambaa vya wax, yaani vitenge, karibu na parokia. Mrembo. Ndiyo, nasema mwenyewe, mrembo, na midomo imejaa kama ya mtu aliyetoka kula asali. Mwanamke mzima, amekuja kujifunza tarumbeta! Eti marehemu mume wake alipenda tarumbeta. Na waume wetu sisi, walio hai, wanapenda nini? Lambert alimpima kama alivyompima kila mtu, akamnyanyua mdomo kwa kidole gumba, akatazama, na kwa midomo ile minene akampa tarumbeta aliyoiomba, si baritoni. Hiyo nilihadithiwa. Sikulala vizuri wiki ile.

Siku moja nipo sokoni, mafuta yamechemka, namwona Françoise, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, anakuja mbio ameshika pagne yake kiunoni isidondoke.

"Yaya Emérence! Weye uko hapa unapika mikate, kumbe kule Tshopo bwana yako amemupa Odile kinywa yake!"

"Amemupa nini?"

"Kinywa! Mbele ya watu wote! Na alimwambia, kinywa yangu inakutosha weye kuliko wote. Mimi sisemi kitu, yaya. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo, linakuja."

Françoise alidhani ni busu. Wauza pondu, yale majani ya muhogo, wote waliokuwa karibu walidhani ni busu, mmoja akashika kichwa. Ningekuwa na bahati kama ingekuwa busu! Busu linafutwa na kiganja. Mimi peke yangu soko zima ndiye niliyeelewa, na niliyoyaelewa yalikuwa mabaya kuliko yale waliyoyadhani. Kile cha fedha. Kile kisichotoka nje ya nyumba. Niliacha mikate iungue.

Jioni Lambert alifika, sikumpa hata kiti.

"Kinywa yako iko wapi?"

Akapapasa mfuko, akakumbuka, akaniangalia kama mtoto aliyevunja chungu. "Nimemukopesha Odile. Emérence, sikiliza. Vile vya shule vyote ni vidogo, vinamukata mdomo, anatoka damu. Yangu inamuenea. Na mimi tangu kifua kilipoanza kunisumbua sipulizi tena. Kinywa isipopulizwa inakufa, inakuwa nyeusi ndani ya mufuko. Donc ikae tu?"

"Na Falonne? Mutoto yako?" Falonne ndiye binti yetu pekee, alikuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa amekaa pale mlangoni na klarineti mapajani.

"Falonne meno yake ilichagua klarineti. Si mimi nilichagua. Kinywa ya tarumbeta angefanyia nini, aivae kama hereni?"

Falonne akacheka, msaliti yule. Ndipo nikasema neno nililokuwa nalo moyoni miaka mingi. Nilisema, "Lambert, umetazama kinywa ya mutoto wa kila mutu. Umetazama ya padri. Umetazama ya Odile. Mimi mwaka yote tuko pamoja, siku moja hujaniambia fungua nione. Mimi je? Mimi ningepiga nini?"

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Weye? Weye chombo yako ulizaliwa nayo! Inasikika mpaka pont ya Tshopo!"

Majirani walisikia, nao wakacheka, maana daraja lenyewe liko mbali, na Françoise zaidi ya wote. Niliingia ndani nikafunga mlango. Roho iliniuma kweli. Nilimwambia kupitia mlango kwamba Odile akiendelea kukaa na kile kinywa, mimi nitarudi kwa wajomba zangu, na Falonne nitamchukua, na beseni langu nitalichukua pia. Akasema, "Tutaongea kiisha Pentekoste." Fanfare ilikuwa inajiandaa kwa Pentekoste. Asubuhi yake akaondoka kwa toleka, amekaa nyuma ya baiskeli na mfuko wake wa vinywa, hakunywa chai. Sikumuaga.

Na siku ile mabomu yakaanza.

Yale majeshi mawili ya wageni, yaliyoingia mjini kwetu yakijiita marafiki, yaligeukiana, na sisi tukawa katikati. Ile vita wenyewe mnaijua, tunaiita ya siku sita. Komini ya Tshopo ndiyo iliyopigwa kuliko kwetu. Tulilala chini kwenye korido, mimi, Falonne na Françoise, godoro juu ya migongo yetu, na kila bomu lilipopita juu ya bati Françoise aliita watakatifu wote kwa majina yao.

Mimi nilikuwa ninaomba pia. Mtanicheka, chekeni. Niliomba hivi: "Bwana, mulinde Lambert. Asife. Na kama amejificha, ajifiche mbali na Odile." Hofu ya kifo ilikuwa upande mmoja, zuwa upande wa pili, na zuwa haikukubali kukaa kimya hata mbele ya kanoni. Nilimwona akilini mwangu amejikunyata pembeni ya ukuta, na yule mwanamke na midomo yake kando yake. Falonne alinishika mkono, akaniuliza, "Mama, unalilia papa?" Nilimwambia, "Nalia kwa hasira." Yote mawili yalikuwa kweli.

Bunduki ziliponyamaza, nilimwachia Françoise mtoto, nikatoka. Nilitembea kwa miguu kutoka Mangobo mpaka Tshopo. Watu walikuwa wanachimba makaburi ndani ya viwanja vya nyumba zao, hawakuinua macho nikipita. Paa la ghala la parokia lilikuwa limefunguka. Watu wa mtaa walikuwa wamejaa katika darasa la katekisimu, na mbuzi zao, na masufuria yao, na mwishoni kabisa, kati ya baritoni mbili na ngoma kubwa, nilimwona Lambert amekaa ameegemea ukuta. Alikuwa hai. Taya lake lilikuwa limefungwa na kitambaa cha wax. Na kitambaa chenyewe, sisi wauzaji wa soko tunakijua kwa jina lake, kile cha madoa makubwa: jicho ya mukemwenza.

Nilikijua kimetoka duka la nani.

Alikuwa amebeba ngoma kubwa kuiingiza ndani bomu lilipoangukia uwanjani, na kipande cha chuma kilimpasua midomo yote miwili na kumng'oa meno ya mbele. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule niliona tu macho yake yameniona, yamejaa machozi, na amefungua kinywa chini ya kitambaa ili aniite. Na neno lililotoka, safi kabisa, lililosikika na mbuzi wote, lilikuwa: "Odile."

Siku zote zile za mabomu hazikuniangusha. Neno lile liliniangusha. Nilikaa chini pale pale.

Akatikisa kichwa kwa nguvu, akajaribu tena, jasho likamtoka. "E-ne-... Nana... O-dile." Akapiga sakafu kwa ngumi.

Odile alikuwa nyuma yangu, amebeba maji. Akasema polepole, "Mama Falonne, anataka kukuita weye. Hawezi. Mudomo haifungi."

"Jina yako anaiweza!"

"Yangu haiombi mudomo. Sema mwenyewe uone."

Nilimwangalia kwa jicho baya. Lakini nikasema, kwa sauti ndogo: Odile. Mdomo ulibaki wazi, haukugusana. Nikasema: Emérence. Midomo ilikutana. Nikasema Lambert, nikasema mama, nikasema papa. Yote yanataka midomo ikutane. Falonne nalo linataka meno juu ya mdomo, na meno hakuwa nayo. Kati ya majina yote ya watu aliowapenda, Mungu alikuwa amemwachia moja tu, na lilikuwa lile. Mungu ana mizaha, acheni tu.

Odile akavua uzi shingoni. Kinywa cha fedha kilikuwa pale, kinang'aa katika vumbi lile lote. "Kirudi kwenu, mama," alisema. Nilikipokea haraka. Hata asante sikumbuki kama nilisema. Kisha nikafungua kile kitambaa chake taratibu, nikamfunga Lambert na kilemba changu mwenyewe, kile nilichokuwa nimejifunga, ingawa kilikuwa na harufu ya mafuta ya mikate.

Alishonwa hospitali. Meno hayakurudi. Vyombo vilivyopona alivirudia kwa mikono, kubonyoa, kupaka mafuta, kukata soli, lakini watoto waliokuja kupimwa aliwaonyesha kwa vidole tu, na mara nyingi hawakumwelewa. Alijaribu kunena. Kila kitu kilitoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Akiita mtoto mtaani, watoto wengine wakamwiga. Niliwafukuza na kijiko cha mikate, na chombo changu kilisikika mpaka pont ya Tshopo, kama alivyosema.

Kisha asubuhi moja, nakanda unga, akavuta kibao akaja kukaa mbele yangu. Uso kwa uso. Akanionyesha kidole: sema. Nikasema, "Niseme nini?" Akagusa midomo yangu. Nikasema, "Mikate." Akatazama. Akajaribu: "Nnikate." Akatikisa kichwa, akainua kidole: tena. Nikasema tena. Akaweka kidole gumba chini ya mdomo wangu wa juu, akaunyanyua kidogo, akatazama jinsi midomo inavyokutana na jinsi inavyoachana, kwa makini yale yale, jamani, yale yale aliyokuwa anawapa watoto wa watu. Unga ulikauka mikononi mwangu. Sikuthubutu kusogea.

Na hivyo kila asubuhi. Mvua zote zile tulikaa hivyo, mimi nasema mama, papa, mbuzi, baba, beseni, yeye anatazama kinywa changu kama mtu anayesoma. Wateja walingoja. Françoise alisema tumepatwa na wazimu. Nilimwambia akalinde ya kwake.

Kile cha fedha nilikiweka kwenye kikombe juu ya kabati. Lambert hakukigusa, lakini niliona anavyokitazama akipita. Kilianza kuwa cheusi. Nilikisugua na majivu, kikang'aa kidogo, kikarudia weusi. Falonne na klarineti yake hakukitaka. Kilikuwa kwetu, hakijatoka nje ya nyumba, kama alivyoahidi mbele ya wajomba, na kilikuwa kinakufa.

Siku moja nipo uani nasikia kutoka ndani sauti nzito, imepasuka kidogo, lakini kamili:

"Emérence!"

Nilidondosha sufuria. Nilikimbia, nimeweka mkono kifuani, nikamkuta ameinama juu ya beseni langu la unga, vinywa vya parokia vimejaa ndani. Akasema, kwa shida, "E-mérence. Maji ya moto."

Nilimtukana, nikamtukana tena, huku nalia na kucheka, nikampelekea maji.

Mchana wake nilichukua kile kikombe nikaenda kwa toleka mpaka Tshopo. Odile alikuwa anakunja vitambaa. Nilimwekea kinywa cha fedha juu ya meza yake, na kile kitambaa chake cha jicho nilichokifua na kukipiga pasi, nisije nikadaiwa.

"Shika," nilisema. "Kwetu kinakufa."

"Na weye, mama? Ulikitaka sana."

"Hii ya fedha, chukua. Ile ingine iko yangu."

Alicheka na midomo yake ile. Bado ni mizuri, na bado inaniuma. Sikukuu zote anapiga mstari wa mbele, na Lambert anasimama pembeni kumsikiliza, kichwa ameinamisha, na mimi zuwa inanipanda kutoka miguuni. Basi ninamwita kwa nguvu, katikati ya wimbo, "Lambert!" Anageuka, ananitazama mdomo, anangoja niseme neno lingine.